Namna ya Kuandika Hadithi ya Mpelelezi Vampaya wa Enzi za Noari

Mwandishi anayetaka kumfanya vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunyonya damu, kuwa mpelelezi aghalabu huanza kwa kuorodhesha nguvu zake: husikia mapigo ya moyo kupitia ukuta, hunusa damu iliyokauka wiki mbili zilizopita, hupanda kuta, hafi kwa risasi. Orodha hiyo inapendeza kuiandika, lakini ndiyo inayoiua hadithi kabla ya sura ya tatu. Upelelezi ni shughuli ya mtu ambaye hajui na anataka kujua. Kila nguvu unayompa humfupishia njia ya kujua, na njia ikiwa fupi mno, msomaji hana safari ya kufuatana naye. Kwa hiyo chukua karatasi, uandike kwanza mambo ambayo mpelelezi wako hawezi kuyafanya. Mwongozo huu wote unasimama juu ya zoezi hilo moja, kwa kuwa naamini kwamba vampaya anafaa upelelezi kwa sababu ya vizuizi vyake, na kwamba mji na mwaka utakaouchagua vitakupa vizuizi vizuri kuliko vyote utakavyovibuni mwenyewe.

Neno noari lina asili ya Ufaransa, ambako mwaka 1946 mhakiki Nino Frank alitumia neno lenye maana ya "nyeusi" kuzieleza filamu za uhalifu za Marekani zilizokuwa zimeanza kuonyeshwa huko baada ya vita. Hadithi zenyewe zilitangulia jina lao. Zilikuwa zikichapishwa katika majarida ya bei nafuu tangu miaka ya 1920, wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku nchini Marekani (kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933) na wahuni wakawa matajiri kwa kuwauzia watu kile ambacho sheria iliwanyima. Katika hadithi hizo polisi hununuliwa, mahakama huchelewa, na mpelelezi binafsi, ambaye naye si mtakatifu, huufikia ukweli bila kuifikia haki. Vampaya anaingia humo bila kulazimishwa. Yeye huishi kwa kuchukua kilicho cha wengine na anajua hivyo, ilhali waheshimiwa anaowachunguza hufanya vilevile na wamejisahaulisha.

Kuhusu jina la kiumbe mwenyewe, mimi hutumia vampaya. "Mnyonya damu" linafaa kinywani mwa mhusika anayemchukia. "Mumiani" lina historia yake nyingine kabisa, ya watu wanaodhaniwa kuiba damu kwa ajili ya biashara, na ukilitumia ovyo litampeleka msomaji mahali ambapo hukukusudia kumpeleka.

Sheria za vampaya wako

Usidhani kwamba sheria za vampaya zimeshaandikwa mahali fulani na kwamba kazi yako ni kuzitii. Katika riwaya ya Dracula ya mwaka 1897, vampaya hutembea mchana, ila nguvu zake hupungua. Vampaya anayeangamizwa na mwanga wa jua alienea kutokana na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Ukirudi nyuma zaidi, hadi vijiji vya Serbia chini ya utawala wa Austria, utakuta wakulima wanaomwogopa marehemu aliyevimba, mwenye uso mwekundu na damu mdomoni, asiyefanana hata kidogo na bwana aliyevaa joho.

Visa hivyo vya Serbia vinastahili kusomwa na kila anayeandika aina hii ya hadithi, kwa sababu vampaya aliingia katika maandishi ya Ulaya kupitia ripoti za uchunguzi wa serikali. Mwaka 1725 ofisa mmoja alishuhudia kaburi likifukuliwa katika kijiji cha Kisiljevo. Januari 1732 daktari wa jeshi, Johannes Flückinger, aliwafukua marehemu kadhaa huko Medveđa na kuandika hali ya kila mwili mmoja baada ya mwingine: umri, siku za kukaa kaburini, hali ya ngozi, kilichokutwa kifuani. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alimtuma tabibu wake, Gerard van Swieten, kuuchunguza uvumi wa namna hiyo; tabibu akaona kuwa mambo hayo yana sababu za kimaumbile, na malkia akapiga marufuku ufukuaji wa makaburi. Tazama basi: kuna mashahidi, kuna ofisa mwenye kalamu, kuna mwili usioeleweka, na kuna mwenye madaraka anayelifunga jalada. Ukitaka asili ya kale ya mpelelezi wako, anaweza kuwa mmoja wa wale waliofukuliwa, au yule aliyekuwa ameshika kalamu.

Baada ya kusoma, chagua sheria tatu au nne, si zaidi. Ningechagua jua, njaa na mwaliko, na katika hizo, sheria ya mwaliko, yaani vampaya kutoweza kuingia katika makazi ya mtu bila kukaribishwa, ndiyo hazina kubwa kwa hadithi ya upelelezi. Mpelelezi wa kawaida huishi kwa kuingia mahali asipotakiwa: huifungua kufuli kwa waya, hujipenyeza dirishani, humlaghai mtumishi. Wako hawezi. Lazima azungumze na mtu mlangoni mpaka akaribishwe, na hapo hapo umepata mazungumzo ambayo vinginevyo ungelazimika kuyatafutia sababu.

Jiulize maswali kuhusu sheria hiyo mpaka yaishe. Je, chumba cha hoteli ni makazi? Mwenye haki ya kukaribisha ni mpangaji au mwenye jengo? Mtoto anaweza kumkaribisha? Karibisho linakoma lini? Sasa fikiria tukio hili: mpelelezi anabisha mlango wa mtu ambaye hajawahi kumkaribisha, hajibiwi, anauegemea mlango, unafunguka, na mguu wake unavuka kizingiti bila kizuizi chochote. Kabla ya kuona damu, kabla hata ya kuwasha taa, anajua kwamba nyumba ile haina tena mwenyewe. Hicho ni kidokezo ambacho hadithi ya mpelelezi mwanadamu haiwezi kuwa nacho, nacho kimetokana na udhaifu wake. Tena hawezi kumwambia polisi jinsi alivyojua.

Hata hivyo kidokezo hicho ni cha haki tu ikiwa msomaji aliifahamu sheria mapema. Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa mwaka 1929 kanuni kumi za utanzu huo, na mojawapo ilikataza kabisa mambo yaliyo nje ya maumbile. Sababu yake inaeleweka: mwandishi anayeweza kuleta muujiza wakati wowote hachezi mchezo wa haki na msomaji. Wewe utaivunja kanuni hiyo kwa maneno, lakini uiheshimu kwa kusudi lake. Sheria yoyote itakayotumika kulifumbua fumbo lazima ionekane ikifanya kazi mara moja kabla, katika tukio dogo lisilotiliwa maanani. Mwonyeshe amesimama kwenye mvua nje ya nyumba ya mteja, mama wa watu akishangaa kwa nini bwana huyu haingii wakati mlango uko wazi, mpaka anamwambia, "Karibu ndani, Bwana, utalowa." Msomaji atacheka au atamhurumia, baadaye atakumbuka.

Mji na mwaka

Chagua mwaka mmoja mahususi. "Miaka ya thelathini" ni ukungu, na ukungu hauzuii mtu. Nitautumia mfano wa Chicago ya mwaka 1937 kwa sababu sidhani kama kuna mji na mwaka uliomtengenezea vampaya makao na matatizo kwa pamoja kuliko huo.

Kwanza, chini ya barabara za katikati ya mji kulikuwa na mahandaki ya reli nyembamba, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1899, kina cha takriban mita 12, yenye urefu wa karibu kilomita 97. Vichwa vidogo vya treni vya umeme vilipeleka makaa ya mawe, majivu na mizigo hadi vyumba vya chini vya majengo makubwa. Vampaya anaweza kusafiri humo mchana kutwa, lakini anafika tu pale reli inapofika, yaani katika maduka na ofisi za matajiri. Hawezi kufika katika vitongoji vya wafanyakazi. Pili, upande wa kusini kulikuwa na machinjio makubwa ya Union Stock Yards, yaliyofunguliwa mwaka 1865, ambako damu ya ng'ombe na nguruwe haikuwa na upungufu. Ikiwa damu ya wanyama inamtosha, njaa si kizuizi tena, na umejinyang'anya sheria yako mwenyewe. Basi amua kwamba inamweka hai bila kumshibisha.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niuchague mwaka huo, mwezi Machi 1937 daktari Bernard Fantus alianzisha katika hospitali ya Cook County ghala la kuhifadhia damu kwenye majokofu, na ndiye aliyelipa jina la benki ya damu. Aliliita hivyo kwa kuwa lilifanya kazi kama benki: aliyeweka alipata haki ya kuchukua. Damu ilikaa humo kwa siku chache tu kabla ya kuharibika, kwa hiyo kulikuwa na daftari, tarehe na foleni ya wagonjwa.

Kisha tazama anga. Katikati ya Desemba usiku wa Chicago hufikia karibu saa 15, na mwishoni mwa Juni hupungua chini ya saa 9. Kesi ya Desemba na kesi ya Juni si kesi moja kwa mpelelezi huyu. Hapa mwandishi wa Kiswahili ana mtego wake wa pekee: saa zetu huhesabiwa kwa macheo na machweo yasiyobadilika sana, na tukiandika "saa kumi na mbili jioni" mkono wenyewe huandika machweo. Huko Chicago, saa kumi na mbili jioni ya Desemba giza limekwisha kutanda, na saa hiyo hiyo mwezi Juni jua bado liko juu na mpelelezi wako bado amejifungia. Ukiamua kuihamishia hadithi katika miaka ya vita, kumbuka pia kwamba Marekani yote iliweka saa zake mbele kwa saa moja, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe, kuanzia tarehe 9 Februari 1942 hadi tarehe 30 Septemba 1945.

Ushahidi

Mwaka wako ndio unaoamua kinachoweza kuthibitishwa. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1901. Mwaka huo huo Paul Uhlenhuth alionyesha namna ya kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama. Na kufikia mwaka 1915 Leone Lattes alikuwa amepata njia ya kupima kundi la damu katika doa lililokauka. Kwa hiyo polisi wa mwaka 1937 wangeweza kusema kwamba doa fulani ni la binadamu wa kundi fulani, na mtuhumiwa wa kundi jingine akaachiwa. Wasingeweza kusema kwamba doa ni la mtu huyu hasa. Mpelelezi wako, kwa kuonja, anaweza. Mpe uwezo huo ukipenda, kwa sababu una gharama yake ndani yake: anajua kwa yakini jambo ambalo hakuna mahakama itakayolikubali, na amelijua kwa kufanya tendo la aibu.

Alama za vidole zina utamu wa namna nyingine. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois, ambamo Chicago imo, ilithibitisha hukumu ya mauaji iliyotegemea alama za vidole zilizoachwa kwenye rangi mbichi ya ukingo wa baraza ya nyumba. Ilikuwa hatua kubwa katika sheria za Marekani. Mtu asiyezeeka na aliyewahi kukamatwa mjini humo baada ya hapo ana kadi yake katika kabati la polisi, yenye picha ya sura ile ile. Tena kuanzia Novemba 1936 serikali ilianza kutoa namba za hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi, na mwezi Oktoba 1940 wanaume wenye umri wa miaka 21 hadi 35 wakaandikishwa kwa ajili ya jeshi. Karatasi zinazidi kumzunguka. Kwangu mimi, hofu ya kweli ya vampaya wa karne ya ishirini ni karani mwenye bidii, kuliko kigingi cha mti cha kumchoma moyoni.

Ikiwa damu ndiyo kiini cha hadithi yako, usiukwepe ukweli mchungu wa miaka iliyofuata. Wakati wa vita, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilitenganisha damu iliyotolewa na watu Weusi na ile ya Wazungu, na liliendelea hivyo hadi mwaka 1950, bila sababu yoyote ya kisayansi. Vampaya anajua kwa ulimi wake kwamba ubaguzi huo ni uongo. Mhusika mmoja anaposema kwamba damu hizo mbili si sawa, kimya cha mpelelezi wako kitakuwa kizito kuliko hotuba.

Kesi yenyewe

Mpe kesi inayomgusa mahali anapoogopa kuguswa. Katika mfano wetu, muuguzi wa zamu ya usiku anamjia ofisini: chupa za damu zinatoweka kwenye benki mpya, daftari linasomeka sawasawa, na mgonjwa amekufa akisubiri. Kila anayejua siri ya mpelelezi atamshuku yeye kwanza, naye mwenyewe hana hakika, maana kuna usiku mmoja asioukumbuka. Mwizi anapaswa kuwa binadamu. Ukimfanya vampaya mwingine kuwa mhalifu, utakuwa umewaondolea lawama binadamu wote wa mji ule, na hadithi itageuka kuwa vita vya mazimwi.

Kisha uiunganishe kesi ndogo na jeraha kubwa la mji. Tarehe 30 Mei 1937, siku ya Jumapili, wafanyakazi waliogoma pamoja na familia zao waliandamana kuelekea kiwanda cha chuma cha Republic Steel kusini mwa Chicago. Polisi waliwafyatulia risasi na kuwapiga kwa marungu, na watu 10 wakapoteza maisha. Filamu ya habari iliyopigwa pale haikuonyeshwa kwa umma mwanzoni, mpaka ilipopelekwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, ile ile iliyokuwa ikichunguza jinsi waajiri walivyowalipa wapelelezi binafsi kupeleleza vyama vya wafanyakazi. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwako: mwaka ule neno "mpelelezi" lilinuka puani mwa mfanyakazi, na hakuna atakayemkaribisha ndani kwa urahisi.

Angalia pia kwamba mauaji yale yalitokea mchana, jua likiwaka. Uhalifu mkubwa kuliko wote wa mji wake umefanyika katika saa ambazo yeye hawezi kutoka, hadharani, mbele ya kamera. Yeye, mtu wa usiku, lazima atembee mlango hadi mlango usiku unaofuata, akiomba kusimuliwa kilichotokea mchana, akisimama kizingitini mwa watu walioumizwa ambao hawana sababu ya kusema "karibu". Hapo sheria zake za jua na mwaliko, historia ya mji, na damu iliyokosekana hospitalini kwa majeruhi vinakuwa kitu kimoja. Ukiifikia nukta kama hiyo katika mji wako na mwaka wako, acha kutafiti, anza kuandika.

Sauti

Noari husimuliwa mara nyingi katika nafsi ya kwanza, na Kiswahili kina vifaa vyake kwa kazi hiyo. Usihamishe tashbihi za Kimarekani neno kwa neno. Tumia kiambishi -ka-, ambacho hulisukuma tendo juu ya tendo bila maelezo: "Nikapanda ngazi, nikavua kofia, nikasubiri aniite." Sentensi hiyo ina ukavu wote unaohitajika. Kwa tabia za mji tumia hu-: "Mji huu huamka ukiwa umeshachoka." Ukichanganya viwili hivyo, utakuwa na msimulizi mwenye mwendo wake.

Zingatia pia tofauti ya -li- na -me- anapozungumzia kifo chake. "Nimekufa" ni hali inayoendelea; "nilikufa" ni tukio lililopita na lililomwacha akiendelea kuwapo. Vampaya anayesema "Nilikufa mwaka 1918" amejieleza kikamilifu bila kutaja meno. Upatanisho wa ngeli ni silaha nyingine. Mhusika anayemwona kuwa mtu atasema "huyu". Anayemwona kuwa dubwana atasema "kitu hiki". Ukimfanya muuguzi abadilishe kutoka "huyu" hadi "hiki" katikati ya mazungumzo, baada ya kuujua ukweli, mpelelezi atalisikia hilo kama mlango uliofungwa, na hutahitaji kumwandikia machozi.

Rasimu ikikamilika, iweke kando, uchukue kalenda ya mwaka wako. Andika kwa kila tukio saa ya kuanza na kumalizika, kisha machweo na macheo ya siku hiyo. Weka alama penye kila kizingiti alichovuka, na mbele yake jina la aliyemkaribisha na ukurasa alipofanya hivyo. Penye alama isiyo na jina, ama umekosea, ama kuna maiti ndani ambayo ulikuwa hujaiona.